Aige, avutwe kwa chambo au aongozwe kwa klika? Njia tatu za kumfundisha mbwa, kazi kwa kazi

Kwa anayetaka mbwa wake afunge droo, abebe kikapu au alale mkekani mgeni anapoingia, ziko njia tatu zisizohitaji fimbo. Ya kwanza ni chambo: kipande cha nyama kinawekwa mbele ya pua, mbwa anakifuata, na mwili wake unaishia kwenye mkao unaotakiwa. Ya pili ni klika, kidude cha plastiki chenye kibati ndani. Kikibonyezwa kinatoa mlio mfupi mkavu, na mlio huo unamjulisha mbwa kwamba alichokifanya nukta hiyohiyo ndicho kilichomletea chakula. Ya tatu ni kuiga: mtu anafanya tendo lenyewe, mbwa anatazama, kisha anaambiwa arudie.

Kuiga ndiko kunakosifiwa siku hizi, na baadhi ya sifa zimepita kiasi. Ni njia ghali kuianza. Kabla mbwa hajaiga jambo lolote jipya inabidi awe anajua maneno kama sita bila kuelekezwa kwa mkono, halafu ndipo mazoezi ya kuiga yaanze, na hayo kwa mbwa wengi huchukua wiki, si siku. Kwa "kaa" na "lala" hiyo ni hasara tupu. Kwa kazi za vifaa, hasa zile zenye hatua mbili, muda huo unarudi.

Majaribio yanasema nini

Wazo la kumpa mnyama amri moja ya jumla, "rudia nilichofanya", si jipya. Mwaka 1952 Keith na Catherine Hayes wa Marekani walieleza jinsi walivyomzoesha Viki, sokwe aliyelelewa nyumbani kwao, kurudia alichooneshwa kila alipoamriwa. Upande wa mbwa, mlango ulifunguliwa 2006 na József Topál na watafiti wenzake wa Budapest, Hungary. Mwanafunzi wao aliitwa Philip, mbwa wa msaada wa aina ya Tervuren kutoka Ubelgiji. Baadaye Claudia Fugazza, mkufunzi wa mbwa kutoka Italia, aliligeuza jaribio hilo kuwa mbinu ya mafunzo kwa mbwa wa kawaida wa nyumbani, akaipima pamoja na Ádám Miklósi katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest.

Majaribio yao ya 2014 na 2015 ndiyo yanayomfaa anayechagua, maana yaliweka kuiga na klika bega kwa bega. Kwa matendo mepesi, kama kugonga kengele, hakukuonekana tofauti ya maana. Kwa matendo magumu zaidi ya vifaa, na kwa matendo mawili yaliyounganishwa, mfano kufungua droo na kutoa kitu kilichomo, kuiga kulikuwa mbele. Mbwa walioiga pia walilikumbuka vizuri zaidi tendo na neno lake, na kulihamishia mahali pengine.

Liko jambo jingine ambalo watu hulipita haraka, nalo ndilo linalobadilisha namna ya kufundisha: kumbukumbu. Mbwa waliozoezwa kuiga waliweza kurudia tendo wanalolijua hata baada ya kusubirishwa dakika 10, na tendo jipya baada ya dakika 1. Mwaka 2016 mbwa 17 walizoezwa kulala chini kila walipooneshwa tendo lolote, kisha wakaamriwa ghafla waige. Ingawa hawakutarajia kuulizwa, waliweza baada ya dakika 1, na wengine hata baada ya saa 1, japo kwa udhaifu zaidi. Maana yake nyumbani ni kwamba anayeonesha tendo hana haraka. Ana muda wa kurudi mahali pake, kusimama vizuri na kushusha mikono kabla ya kutoa amri. Mwenye klika hana anasa hiyo. Mlio ukichelewa sekunde moja, mbwa atakuwa ameshageuza kichwa, na kugeuza kichwa ndiko alikolipwa.

Kuiga, au kuvutwa mahali tu?

Mbwa akikufuata bustanini na kufukua pale ulipopanda mchicha, wengi husema ameiga. Mara nyingi hapana: udongo uliotifuliwa ni laini na mbolea inanuka vizuri puani mwake. Ulichofanya ni kumvutia macho na pua sehemu ile. Hali hiyo ni tofauti na kuiga tendo, na ukizichanganya utadhani mbwa wako amefuzu kumbe bado.

Kuvutwa huko kuna faida yake lakini. Katika jaribio la Péter Pongrácz na wenzake, pia Budapest, mwaka 2001, mbwa walitakiwa kuzunguka uzio wenye umbo la V ili wakifikie kitu kilicho ndani ya pembe. Waliojitegemea walihitaji majaribio matano au sita ndipo wakawa wepesi. Waliomwona mtu akizunguka walihitaji mawili au matatu. Hakuna aliyewafundisha amri yoyote. Basi kwa kazi za "pita huku", kama kumwonesha mbwa kilipo kijilango kipya cha ua, tembea mwenyewe mara mbili tatu akikuona, yatosha.

Ili kupima kama mbwa anaiga kweli, chagua kifaa kimoja chenye matendo mawili. Droo yenye kamba mbele inafaa: inasukumwa ikafungwa, au inavutwa kwa kamba ikafunguka. Iache nusu wazi. Onesha moja, kisha siku nyingine onesha jingine. Anayekimbilia droo na kuikwaruza tu vyovyote iwavyo, huyo amevutwa mahali.

Huko Vienna, Ludwig Huber na wenzake waliona jambo la kuchekesha kidogo: takriban nusu ya mbwa walirudia hata kitendo kisicho na faida yoyote, kugusa alama za rangi ukutani kabla ya kwenda kwenye chakula, walipooneshwa na mtu anayewatunza. Mgeni alipoonesha, mvuto ulikuwa mdogo. Kwa hiyo anayemlisha na kumtembeza mbwa ndiye aoneshe. Mkufunzi wa kukodi anayekuja mara moja kwa wiki afundishe mwenye mbwa, si mbwa.

Gharama ya kuingia: hatua za "Iga!"

Katika yale sita, andaa kwanza maneno matatu ambayo mbwa anayatii kwa sauti peke yake, mikono yako ikiwa nyuma. Yawe matendo ambayo mwili wako unaweza kuyaonesha: "Zunguka" (kujizungusha), "Panda" (kupanda kigoda kifupi), "Gusa" (kugusa kengele ya mezani iliyowekwa chini). Angalia pia masikio ya mbwa: "Lala" na "Lete" yanaanza kwa namna ileile, na mbwa mwenye haraka hasubiri mwisho wa neno. Tumia "Chukua" badala ya "Lete". Lazima pia awe na "Baki" imara. Asiyeweza kutulia sekunde 20 ukizunguka mbele yake hataona unachofanya, atajiunga nawe katikati.

Mweke mbwa kama mita 2 mbele yako. Ita jina lake, subiri akutazame, fanya tendo mara moja, polepole, ukiwa umempa ubavu ili mgongo wako usizibe kifaa. Rudi mahali pako. Shusha mikono. Kisha: "Iga! Zunguka!" Akifanya, tuzo. Badilisha mpangilio kila mara, tendo moja lisirudiwe zaidi ya mara mbili mfululizo, maana mbwa ni hodari wa kubahatisha kwa kufuata ratiba. Baada ya siku kadhaa acha pengo kati ya "Iga" na neno la pili. Wengi huanza kabla hujalitamka. Hapo ndipo neno la zamani linapoondolewa.

Akipata mara 8 katika 10 kwa jaribio la kwanza, ongeza matendo mengine matatu anayoyajua ("Chukua", "Ruka", "Ingia" ndani ya tairi lililolazwa), safari hii kwa "Iga!" pekee. Akikwama, usimnong'oneze neno. Rudi kwenye yale matatu ya mwanzo siku moja au mbili. Akifika tena 8 katika 10, yuko tayari kwa jambo asilolijua.

Usisahau kwamba miili haifanani. Mkono wako ni mdomo wake au mguu wake wa mbele. Ukisukuma kwa kiganja, anaweza kusukuma kwa pua, mpe tuzo. Kama unataka pua tu, sahihisha baadaye kwa klika.

Droo moja, njia mbili

Chukua droo nyepesi, iliyo usawa wa kifua cha mbwa, iliyovutwa nje sentimita 10. Kazi: aifunge.

Kwa kuiga, unaisukuma mara moja mpaka ilie "tap", unairudisha wazi, unarudi kwa mbwa, "Iga!" Mbwa aliyefuzu hatua zilizotangulia mara nyingi huenda na kuigusa, labda kuisogeza. Akiigusa tu, usimlipe. Onesha tena kwa kusukuma kwa nguvu inayoonekana, na mlio wa kufunga usikike. Akishindwa mara tatu, punguza kazi: droo iwe wazi sentimita 3. Maonesho matano au sita kwa kikao yanatosha, kisha pumzikeni. Akishaweza, weka neno jipya mbele ya lile la zamani: onesha, "Funga! Iga!" Baadaye fupisha onesho liwe kuinyooshea droo mkono tu, halafu "Funga!" bila onesho. Ukiyapanga kinyume, "Iga! Funga!", neno jipya halitashika, kwa sababu mbwa ameshaondoka kabla hujalisema.

Kwa klika, kwanza mlio upewe maana: bonyeza, mpe kipande, mara 10 hadi 15. Kisha lipa kuitazama droo, kuikaribia, kuigusa kwa pua, kuibana, kuisogeza, kuifunga kutoka sentimita 3, 6, hatimaye 10. Panda ngazi akipata 8 katika 10. Akikosea mara mbili mfululizo, shuka ngazi moja. Kikao ni dakika 3 hadi 5. Vipande viwe kama punje ya mahindi, kwani kikao kimoja kinaweza kula hamsini, na vyote vitolewe kwenye mlo wake wa siku, la sivyo utakuwa na mbwa hodari aliyenenepa. Kosa kubwa hapa ni kupandisha kiwango haraka. Mbwa asiyelipwa kwa muda anaanza kubweka, kukwaruza sakafu, au analala na kukupa kisogo. Watu husema amekuwa mkaidi. Amekosa taarifa tu.

Kama klika haipatikani madukani mwako, kifuniko cha bati cha chupa ya jemu, kile chenye kitufe katikati kinachodunda, kinatoa mlio unaofaa. Kalamu ya kubonyeza pia, ingawa haisikiki nje kwenye upepo.

Kwa droo, basi, klika inakupa usahihi, na kuiga kunakupa njia ya mkato. Tofauti inakuwa kubwa zaidi kazi ikiwa "fungua droo, toa soksi, funga". Kwa klika ni kazi tatu zinazofundishwa mbalimbali, kisha kuungwa, kwa kawaida kuanzia ya mwisho. Kwa kuiga unaonesha mbili pamoja, na ya tatu unaiongeza zikikaa.

Chambo hakijapitwa na wakati

Kwa mikao ya mwili, chambo kinawashinda wote kwa wepesi. Kipande puani, pandisha mkono juu na nyuma kidogo ya kichwa: matako yanashuka. Akirukia kipande badala ya kukaa, mkono uko juu mno. Kwa "lala", shusha kipande kati ya miguu ya mbele, kisha kivute mbele taratibu kama unachora herufi L.

Ubaya wake ni mmoja, lakini mkubwa: ukichelewa kukiondoa, mbwa anajifunza kufuata nyama, si kukusikiliza. Fanya mara tatu hadi tano na chambo, halafu mkono uleule mtupu, ishara ileile, na tuzo itoke mkono wa pili au mfukoni. Maini yaliyochemshwa na kukaushwa kidogo yanafaa. Ugali anaokula kila siku haumshughulishi. Dagaa wapo karibu kila nyumba, ila wale waliokolezwa chumvi waloweke kwanza.

Kuna nyumba ambazo mbwa ni wa ulinzi na watu hawataki mate yake mikononi kwa sababu ya unajisi. Huko chambo kinasumbua, kwani mkono lazima uwe puani. Klika na kuiga havihitaji kugusana: tuzo inatupwa kwenye bakuli, na onesho linafanyika mita 2 mbali naye.

Kwa kazi gani, njia ipi

| Kazi | Anza na | Sababu |
|---|---|---|
| Kaa, lala, tembea kando yangu | Chambo | Dakika chache. Kuiga hakuongezi kitu |
| Droo, kikapu, swichi, kengele | Kuiga, kama "Iga!" ipo tayari | Anaona lengo zima kwa mara moja |
| Hatua mbili mfululizo | Kuiga | Huhitaji kuunga vipande |
| Kutulia akikatwa kucha, kukaa mkekani dakika 10 | Klika | Kinacholipwa ni muda, nao hauoneshwi kwa mfano |
| Kunusa harufu, kutikisa sikio, kuinua mguu wa nyuma | Klika | Mwili wako hauwezi kuonesha |
| Kupita mlango au njia mpya | Kutembea tu akikuona | Hakuna mafunzo yanayohitajika |

Jedwali hili linamchukulia mbwa mzima, asiye mwoga, anayeishi karibu na watu. Wengine wana masharti yao.

Mtoto wa mbwa bado hana maneno ya kuanzia "Iga!", lakini kutazama anajua. Katika jaribio la Budapest la 2018, watoto wa wiki 8 walijifunza kufungua kisanduku cha chakula kwa kumtazama mtu, na hata kwa kumtazama mbwa mgeni. Mama yao, cha ajabu, hakuwasaidia. Lakini Afrika Kusini, utafiti wa 1997 kwa watoto wa mbwa wa polisi ulionesha kwamba waliomwona mama yao akitafuta dawa za kulevya wakiwa na umri wa wiki 6 hadi 12 walifanya vizuri zaidi kazi hiyo walipopimwa miezi 6. Kazi mbili hizi hazifanani, kwa hiyo zisigonganishwe. La kuchukua ni kwamba mtoto asifungiwe nyuma ya nyumba wiki zile. Awe mahali anapoona watu na mbwa wakubwa wakifanya kazi.

Mbwa kiziwi haambulii klika, ila anaiga vizuri kwa ishara ya mkono badala ya neno. Chagua ishara ambayo haimo katika tendo lolote unaloonesha. Kipofu ni kinyume chake: klika na chambo, kuiga hapana.

Mbwa anayefungwa mchana kutwa kwenye banda na kuachiwa usiku ndiye mgumu kuliko wote kwa kuiga, na tatizo si akili. Hajawahi kuona mtu akifanya kazi za nyumbani, na watu anaowajua huja na bakuli kisha huondoka. Aliyezoea kupigwa naye hageuzi uso kwa mtu. Anatazama mikono, au anatazama pembeni. Mtu akiruka kiunzi mbele ya mbwa kama huyu anamtisha tu. Kwake anza na chambo kinachotupwa mbali nawe, kisha klika ya mlio laini (izungushie kitambaa), na "Iga!" isubiri mpaka aweze kukutazama usoni sekunde tano bila kulamba midomo wala kuinamisha masikio.

Pale kuiga kunapoharibika

Tuzo mkononi wakati wa onesho: mbwa anatazama tuzo, haoni tendo. Iache mfukoni au juu ya meza. Kuegemea upande wa kifaa unaposema "Iga!": atafuata mwegemeo wako, na siku ukisimama wima hataweza. Jirekodi kwa simu; mwegemeo huo mwenyewe huuhisi. Kurudia "Iga! Iga! Iga!": sema mara moja, hesabu hadi tano kimoyomoyo, kisha onesha upya. Kubandika kila onesho kwenye kifaa kilekile: ukiweka kengele peke yake chumbani, ataigonga hata ukijizungusha. Viwepo vifaa vitatu kila mara, hata kama utatumia kimoja.

Na fikiri kabla ya kuonesha milango. Mbwa aliyejifunza kuvuta kamba ya kabati haoni tofauti kati ya kabati na friji, wala kati ya droo na geti. Friji isifungwe kamba wala taulo kwenye mpini, na kama geti lako linazuiwa na komeo la kusukuma tu, weka kufuli kabla ya somo la kwanza.